Simu ya Murielle Bado Inatumika

Jioni ile nilitoka kwenda kurekebisha simu, basi. Hakukuwa na mazishi wala maombi. Ilikuwa simu ya mtoto wa miaka sita, iliyokuwa inakataa kupakua nyimbo.

Nilifunga meza yangu saa kumi na moja na robo. Meza yenyewe iko ndani ya saluni moja hapa Rosettenville, pembeni ya sinki la kuoshea nywele, na hapo ndipo ninapobadilisha vioo vya simu, kufungua simu ambazo wenyewe wamesahau namba, na kuwawekea watu nyimbo. Mimi ni Epiphanie, Mrundi wa Bujumbura. Watu wananiita Epi. Nilitia chaja na waya mkobani, nikapita kwa mama wa kona nikanunua magwinya manne, yale maandazi ya huku, kwa ajili ya mtoto. Ilikuwa Julai. Baridi ya Joburg ya Julai haina adabu, na giza lake linaingia mapema.

Mchana wa siku hiyo Octave alikuwa amekuja saluni, bado ana usingizi wa zamu ya usiku machoni. Octave ni mlinzi, Mkongo wa Uvira, baba wa huyo mtoto.

"Epi," aliniambia, "ile minyimbo ya bibi yangu inakatala kushuka. Mutoto anafinya, anafinya, bure. Na data ikiisha usiku, hasinzii."

Bibi, kwa Wakongo, ni mke. Na mke wa Octave alikuwa ameshakufa.

"Nitapita jioni," nikasema.

"Upite kweli. Naingia ku kazi saa kumi na mbili."

Ningekataaje? Nyimbo zile niliziweka mimi. Na hapo ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa hiyo niieleze sasa, kabla sijaanza kujitetea.

Wateja wangu wengi wana karatasi za ukimbizi tu. Benki inawazungusha, hawana kadi ya kulipia huduma ya muziki. Basi nilifungua akaunti moja, kwa jina langu na neno langu la siri, nikawaingiza wote humo. Nyimbo za kwaya, mahubiri, muziki wa harusi, sauti za wazazi walioko kijijini, vyote maktaba moja huko mtandaoni. Kila simu inaonekana kwenye orodha ya vifaa kwa jina la mwenyewe. Fundi mwenye akili timamu hafanyi hivyo. Lakini sisi tunaolala watu sita chumba kimoja, maktaba ingetushinda nini?

Murielle alikuwa humo pia. Ndiye aliyeongoza kwaya yetu. Mimi nilikuwa sauti ya pili, nyuma ya bega lake la kushoto, kwa miaka minane. Naijua shingo yake kuliko ninavyoijua yangu. Alikuwa anapaka krimu ya kafuri, na kila Jumapili nilivuta ile harufu mpaka naiota. Alikuwa fundi cherehani, mpole, mcheshi, na sauti yake ilikuwa inawafanya wanaume wazima watoe leso. Nilimpenda. Nilimwonea wivu pia. Nilikuwa navibeba vyote viwili kanisani na kurudi navyo nyumbani.

Mapafu yalipomshika, alijirekodi nyimbo saba kwenye simu yake, akiwa amelala kitandani. Nyimbo za kumbembeleza mtoto. Ndani yake alikuwa anamtaja Arlène kwa jina, na majina ya bibi zake, mama wa mama na mama zao nyuma. Arlène amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, ila akifungua mdomo ni Kiingereza na Kizulu.

"Nisipomwachia hii," Murielle aliniambia huku anakohoa, "atakua bila mimi na bila luga yangu."

Alikufa mwezi wa tano, siku ya Jumanne. Jumatano Octave akaniletea simu ya Murielle. Maiti haikuwezekana kurudishwa Uvira, na Murielle alikuwa ameomba jambo moja: kama yeye hafiki nyumbani, azikwe na simu aliyokuwa anaipigia nyumbani.

"Weka minyimbo ku maktaba," Octave akasema. "Kiisha ufute yote, utoe na kadi. Wezi wakifukua, wasikute sauti yake."

Sasa sikiliza aibu yenyewe. Saa mbili kabla ya hapo mzee wa kwaya alikuwa amenipigia. Epi, Jumamosi kwenye mazishi utaongoza wewe. Na mimi nilifurahi. Mwenzangu alikuwa hajawekwa hata kwenye sanduku, na mimi mikono ilikuwa inatetemeka kwa furaha.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyoshika simu yake.

Maktaba hizi za mtandaoni zina tabia moja ambayo kila fundi anaijua. Jina la wimbo linapanda kwanza; sauti inafuata nyuma, polepole. Nilisikiliza nyimbo zote saba, mara moja, nikaona majina saba yamepanda. Sikusubiri. Nilikuwa nawahi mazoezi. Futa yote? Ndiyo. Una uhakika? Ndiyo.

Usiku nilipofungua maktaba, majina yalikuwepo, yamefifia rangi. Chini ya kila moja maneno yaleyale. *Inasubiri sauti kutoka Simu ya Murielle.* Na Simu ya Murielle ilikuwa mfukoni kwa Octave, tupu kama ilivyotoka dukani.

Ningesema. Kulikuwa na siku tatu nzima za kusema.

Alhamisi nilijifungia kwenye choo cha saluni, nikaziba chini ya mlango kwa taulo lenye maji, nikaziimba nyimbo saba kwa sauti ya Murielle. Miaka minane nyuma ya bega lake si michache. Nilijua anavuta pumzi wapi, anabana wapi. Hata kikohozi nilikiweka. Kikavu, mara mbili, kisha kimoja kidogo mwishoni, cha mtu anayeomba radhi. Nilikirudia mara kumi na kitu, mpaka kikakubali. Kisha nikazipandisha kwenye maktaba chini ya majina yaleyale.

Matangani tulizipiga kwa spika. Octave alianguka chini. Mama Léocadie, mama mzazi wa Murielle, alisikilizia kwenye simu huko Uvira, na mwisho akasema "Asante" tu, akakata. Watu wote walilia. Arlène peke yake hakulia. Alikuwa hatazami spika kama wengine.

Alikuwa ananitazama mimi.

Basi jioni ile ya Julai ndiyo naenda kwa mtoto huyo, na magwinya yangu mkononi.

Octave anaishi chumba cha uani, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja Mreno. Nilimkuta ameshavaa sare, anafunga kamba za viatu.

"Bijou anarudi saa moja," aliniambia. Bijou ni jirani yake, anasuka nywele kule Joubert Park. "Yeye atalala na mutoto. Ukae naye kidogo mpaka pale, Epi. Merci. Bila weye tungekuwa wapi?"

Alimbusu mtoto kichwani, akatoka. Nikasikia geti linafungwa, mnyororo, kufuli. Viatu vyake vikapotea barabarani.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda, hita ndogo, cherehani ya Murielle imefunikwa khanga. Arlène alikuwa amekaa kitandani kajifunika blanketi, ana kipokea sauti kimoja sikioni, cha waya, kile cha bei rahisi. Alipokea magwinya kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Hakula.

"Haya, mama, tuone ugonjwa wa simu yako," nikasema.

Nilianza kama ninavyoanza kwa kila mteja. Nafasi kwenye simu ipo? Ipo, tele. Programu ni mpya? Nikaisasisha. Waifai ya mzee Mreno inafika? Inafika. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia tena. Nikafuta mabaki ya zamani. Nikabonyeza wimbo wa kwanza: pakua. Mstari ukaanza kutembea. Nusu. Robo tatu. Tisini na tisa.

Ukasimama.

Programu ile inaongea Kiingereza. Mimi nakupa kwa Kiswahili. Iliandika: *Wimbo huu unachukuliwa na kifaa kingine.*

Nimefanya kazi hii miaka mingi. Makosa ya kupakua nayajua kwa majina: nafasi imejaa, mtandao umekatika, vifaa vimezidi kumi. Hilo la kuchukuliwa sikuwahi kuliona. Nikawaza, labda kuna mteja anapakua kwa fujo. Nikatoa simu yangu mimi, mwenye akaunti, nikafungua orodha ya vifaa.

Umeme ukakatika.

Hita ikalia tik... tik... ikapoa. Nje, mtaa mzima giza. Waifai ilikufa hapohapo, na kule juu ya kioo alama ya mtandao ikatoweka. Nilibaki na mwanga wa simu mbili tu, moja ya mtoto, moja yangu.

Orodha ilikuwa imeshafunguka. Simu ya Octave, haijatumika tangu asubuhi. Simu ya Bijou, tangu jana. Nikashuka. Cha saba.

*Simu ya Murielle. Inatumika sasa.*

Nilicheka kidogo. Kweli, nilicheka, kile kicheko baridi kinachotoka puani. Nilisahau tu kuitoa kwenye orodha, nikajiambia. Ni mabaki. Simu yenyewe haina kadi, haina chaji, haina kitu ndani, na iko chini ya udongo mwekundu wa makaburi ya kusini, ndani ya sanduku nililolibeba kwa bega langu mimi na wanawake wa kwaya.

Nikabonyeza: ondoa kifaa.

*Haiwezekani. Kifaa hiki kinapakua. Wimbo wa 1 kati ya 7.*

Mtandao hakuna. Nilitazama tena juu ya kioo. Hakuna. Na mstari unatembea.

*2 kati ya 7.*

"Arlène," nikasema, "kula magwinya yatapoa." Nilitaka nisikie sauti ya mtu. Yangu niliyoisikia ilikuwa nyembamba, imekatwa juu. Nikakohoa kusafisha koo. Halikusafika.

Ndipo harufu ilipoingia.

Krimu ya kafuri. Kwanza kidogo, kama mtu amepita mlangoni. Kisha nyingi. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliolowa, na Joburg haikuwa imeona mvua tangu mwezi wa nne.

*3 kati ya 7.*

Nikazima simu yangu. Ikazimika kabisa, kioo cheusi. Kisha ikawaka yenyewe, na orodha ileile.

*4 kati ya 7.*

"Arlène... njoo tutoke nje, mama." Sauti sasa ilikuwa inakwaruza. Nilisikia kila wimbo unapoondoka, kitu kinachomoka kooni, bila maumivu, kama uzi unavyochomoka kwenye pindo.

Mtoto hakusogea. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kile kipokea sauti.

"Anti," akanong'ona. "Mama anasema subiri."

Nilimtazama. Simu yake nilikuwa nayo mkononi mimi. Nikaufuata waya kwa macho, kutoka sikioni, shingoni, juu ya blanketi. Ncha yake ilikuwa imelala mapajani mwake. Haikuchomekwa popote.

"Unasikiliza nini?"

"Mama."

"Mama... anasema nini?"

Alikitoa sikioni, akanipa. Alinipa kwa mikono miwili, kwa adabu ileile. Sijui kwa nini nilikipokea. Nadhani nilikuwa nimezoea kutii shingo ya yule mwanamke. Nikakiweka sikioni.

Kimya. Kimya kizito, cha mahali palipofungwa pande zote.

Kisha mimi. Sauti yangu, mbali sana, inaimba nyimbo nilizoimbia chooni. Na karibu zaidi, karibu kabisa na sikio, pumzi ya mtu anayesikiliza.

Akakohoa.

Kikavu. Mara mbili. Kisha kimoja kidogo.

Nilikivuta kile kitu sikioni nikakitupa. Mgongo wangu ukagonga cherehani, gurudumu lake likazunguka chini ya khanga, tak tak tak, likasimama. Nilitaka kupiga kelele, jirani asikie, mzee Mreno asikie. Nilifungua mdomo na hewa tu ikatoka.

*6 kati ya 7.*

Arlène alikuwa ameshuka kitandani. Alisimama mbele yangu na soksi zake za pundamilia, uso wake unamulikwa na simu kutoka chini. Hakuwa na woga hata kidogo. Nadhani alikuwa ananionea huruma, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Anti Epi," akasema. "Zile nyimbo... ni wewe uliimba?"

Niliinamisha macho kwenye soksi zake.

"Mama anasema uniambie tu. Anasema iko moja imebaki. Just tell me."

Nilikuwa na kipande cha sauti. Nilikisikia, kidogo, chini kabisa ya koo, kinachotosha neno moja. Ndiyo. Neno lenyewe silaba mbili. Ningepiga magoti pale, nimshike yule mtoto mikono, niseme ndiyo, ni mimi, nilifuta sauti ya mama yako kwa sababu nilikuwa nafurahia nafasi yake. Lakini niliwaza Octave atakavyonitazama. Niliwaza kwaya. Niliwaza mzee wa kwaya ananivua lile joho la kuongoza mbele za watu. Mtoto wa miaka sita, gizani, ananipa mlango wazi, na mimi nawaza joho!

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ni mama yako."

Arlène akatikisa kichwa polepole, kama mtu mzima.

*7 kati ya 7. Imekamilika.*

Umeme ukarudi. Hita ikaguna, taa ikawaka, mbwa wa jirani akabweka mara moja akanyamaza. Harufu ilikuwa imeondoka chumbani. Mkononi mwangu simu ya mtoto ikatetemeka, na mbele ya nyimbo zote saba kulikuwa na alama ya kijani. Zimeshuka. Hakuna kosa.

Arlène aliichukua, akachomeka waya wake, kisha akauchomoa, nadhani ili na mimi nisikie. Akabonyeza wimbo wa tatu.

Alikuwa Murielle.

Utauliza nimejuaje, mimi niliyewadanganya watu sabini kwa sauti hiyohiyo. Nimejua kwa majina. Kwenye wimbo wa tatu anataja bibi zake wanne, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa nimeusikia mara moja tu, na chooni nilikumbuka watatu. Wa nne nikamruka kwa kuvuta pumzi. Sasa wa nne alikuwepo. Alitajwa polepole, kwa upendo, na Arlène alimtaja pamoja naye, kwa Kiswahili safi ambacho sijawahi kumsikia nacho.

Na nyuma ya Murielle, kule chini, palikuwa na sauti ya pili.

Ilikuwa inafuata vizuri. Haikukosea hata mahali pamoja. Naijua. Ni yangu.

Bijou alifika saa moja na dakika kumi, ameshika mfuko wa nyanya na nywele za bandia. Alinikuta nimekaa sakafuni karibu na mlango.

"Epi! Unalia nini? Simu imekatala?"

Nikafungua mdomo. Nikakohoa.

Sasa ni mwezi wa tisa. Hospitali walinimulika koo, wakasema halina kidonda, nyuzi za sauti nzima kabisa, nijaribu kupumzika. Kanisani wanasema ni uchungu. Epi alimpenda mwenzake mpaka sauti ikamwisha, wanasema, na mama mmoja alisimama akanitolea ushuhuda mimi niliyekaa palepale. Walichanga wakaninunulia skafu nzuri ya sufu nyekundu ya kukinga koo. Naivaa. Kila Jumapili naivaa, na kila anayenipita ananishika bega kwa heshima, na mimi natamani sakafu ya lile kanisa ifunguke. Octave ananishukuru kila tunapokutana. Mtoto analala usiku kucha, anasema. Anaanza hata kumjibu kwa Kiswahili.

Arlène hajamwambia mtu. Ananisalimia kwa mikono miwili.

Haya yote nilimwandikia Octave pia, kwenye simu, ujumbe mmoja mrefu. Umekamilika tangu wiki tatu zilizopita. Usifikiri kuna kosa la mtandao. Data ninayo, alama zote zimejaa. Ni kidole tu. Kila jioni nakiweka juu ya kile kitufe cha kutuma, kisha nakwenda kwenye orodha ya vifaa kuangalia cha saba. *Inatumika sasa.* Nabonyeza ondoa. Inakataa. Narudi kwenye ujumbe, nautazama, naufunga.

Halafu Jumapili iliyopita, jua likizama, Mama Léocadie akanipigia.

Sikutaka kupokea. Mtu asiye na sauti apokee simu ya nini? Lakini mkono ulipokea.

"Epi," alisema. Sauti ya mwanamke mzee, na kuku nyuma yake. "Najua hauwezi kusema, Octave alinieleza. Sikiliza tu. Mutoto amenitumia ile minyimbo. Sasa hii ndiyo."

Nikakaa kitandani.

"Ile ya kwanza, ya ku matanga... nilijua hapana Murielle. Mama hawezi kukosa kujua. Nikanyamaza. Nikasema, huyu mutoto wa watu labda alikuwa na shida, labda alitaka kutufariji. Nikakuombea weye."

Alikuwa ananijua. Kwa miezi yote ile, huko Uvira, alikuwa anajua na ananiombea. Nililia bila mlio. Nikawaza, basi, mwisho umefika, huyu ndiye nitakayemkubalia, hata kwa kugonga kioo kwa kucha, mara moja ni ndiyo.

"Nakuuliza kitu kimoja tu," akasema. "Nani huyu anaimba nyuma yake? Anaimba kama mutu anafungiwa."

Nilijaribu kujibu. Naapa nilijaribu. Nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, nikasukuma jina langu lote nje.

Kikatoka kikohozi. Kikavu, mara mbili. Kisha kimoja kidogo.

Kule upande wa pili kuku walinyamaza, au yeye alikuwa ameingia ndani na kufunga mlango. Pumzi yake ilibadilika. Aliposema tena alisema chini sana.

"Murielle?"

Kata simu, Epi. Kata.

"Ni weye, mwanangu? Uko nasikia baridi kule?"

Chumba changu kilianza kunuka kafuri. Nilinusa mkono wangu mwenyewe. Harufu ilikuwa inatoka humo.

Anapiga kila jioni sasa. Ananieleza habari za nyumbani, nani ameoa, nani amejenga, mto umefika wapi. Ananiuliza kama nimejifunika. Mwanamke huyu aliyeujua uongo wangu tangu siku ya kwanza safari hii hana shaka hata kidogo, na mimi siwezi kumlaumu. Chooni nilikuwa naigiza. Sasa nakohoa tu, naye anasema pole, mwanangu, pole.